Kisa Kitafutiwe Mlango: Namna ya Kutumia Simulizi za Jamii Kudai Haki

Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya kwenda Ikulu ya Nairobi kudai kitambulisho, sehemu ya njia wakienda kwa miguu. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wakaoa, wakazaa, wakazikana hukuhuku, na uhuru ulipopatikana wakajikuta si wa huku wala si wa kule. Kenya bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti, hupigi kura. Rais aliamuru wasajiliwe, na Februari 2017 vitambulisho vikaanza kugawiwa. Wamakonde wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya.

Safari hiyo ndiyo iliyopigwa picha. Lakini ilitanguliwa na miaka ya watu kukaa chini na kueleza maisha yao kwa machifu, kwa mawakili, kwa waandishi wa habari, mpaka yeyote aliyeuliza "mnataka nini hasa?" akajibiwa kwa neno moja: kitambulisho.

Nimekaa kwenye mabaraza ya namna hii huku pwani nikiwa na daftari mapajani, na nimeona visa vizito vikipotea kwa sababu havikupewa pa kwenda. Mtu anafungua kifua chake, watu wanalia, kikao kinafungwa kwa dua, kisha basi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya vikundi vya akina mama, vijana wa mtaa, kamati za vijiji, na yeyote anayetaka masimulizi ya watu wake yafike kwa mwenye kalamu ya kutia saini.

Hatua ya kwanza: Andikeni dai kabla ya kurekodi chochote

Wengi huanza na simu mkononi, wakirekodi. Anzeni na sentensi moja kwenye karatasi: Tunamtaka fulani afanye jambo fulani kufikia siku fulani, kwa sababu sheria au ahadi fulani inasema hivyo.

"Tunataka serikali itujali" haitoshi, kwa kuwa hakuna mtu anayeitwa serikali ambaye mtamkuta ofisini saa tatu asubuhi. "Tunataka ofisi ya usajili ya kaunti ndogo yetu ilete maafisa kijijini kwa siku tano kabla ya mfungo wa Ramadhani" inatosha, maana sasa kuna mtu, kuna kazi, kuna siku.

Tafuteni sheria mapema. Kwa Wamakonde, sheria ilikuwa tayari ipo: Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 iliruhusu kusajiliwa kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote waliokuwa Kenya tangu 12 Desemba 1963. Kilichokosekana ni utekelezaji. Hilo linabadilisha kabisa namna ya kusimulia. Anayeomba sheria mpya hueleza kwa nini mambo yabadilike. Anayedai sheria iliyopo hueleza ni lini alikwenda, alimkuta nani, akaambiwa nini. Mkijua mko upande gani, mtajua maswali ya kuuliza.

Mkishindwa kuiandika sentensi hiyo, msirekodi bado. Kaeni tena.

Hatua ya pili: Kaeni kitako, watu wachache

Kikao kizuri ni watu sita hadi wanane, mkekani au chini ya mwembe, mahali ambapo mpita njia hasikii. Baraza la watu mia ni la kutangaza dai. Kisa cha kwanza hakitoki mbele ya watu mia, na kikitoka kitakuwa kimevaa nguo za sherehe.

Akina mama wakae peke yao kwanza. Nimeona mara nyingi mama akianza kusema, kisha mjomba au shemeji anamkatiza, "Hapana, haikuwa hivyo," na mama ananyamaza mpaka mwisho. Vijana nao wapewe chao. Baadaye mtakutana wote, kila kundi likiwa limeshaijua sauti yake.

Kila mtu apewe dakika nne au tano bila kukatizwa. Kwenye ngano msikilizaji huitikia na kumsukuma msimulizi mbele, nasi tumelelewa hivyo. Hapa ni tofauti kidogo: mwache mtu atafute maneno yake, hata akikaa kimya nusu dakika. Ukimya huo mara nyingi ndio unaotangulia jambo lenyewe.

Swali la kuanzia liwe dogo. Usiulize "Mlijisikiaje?" wala "Tueleze matatizo yenu." Uliza: "Mama, niambie siku moja. Siku ile uliyokwenda ofisini, ulitoka nyumbani saa ngapi?" Atakwambia saa kumi na moja alfajiri, alikopa nauli kwa jirani, alimbeba mtoto mgongoni kwa sababu hakuwa na wa kumwachia, alifika akaambiwa mtandao uko chini. Vitu hivyo hakuna anayeweza kuvibuni, na ndivyo afisa atakavyovikumbuka.

Wapeni watu chai na nauli. Lakini msinunue visa. Siku mkianza kulipa kwa kisa, kila kisa kitarefuka.

Hatua ya tatu: Idhini, na ieleweke

Kisa ni mali ya mwenyewe. Hata mkikiandika ninyi, hata mkikirekodi kwa simu yenu, bado ni chake.

Idhini ya kutia kidole kwenye fomu haitoshi. Mweleze kwa maneno ya kawaida kitakwenda wapi, kisha muulize moja moja: Je, nikisome mbele ya chifu? Je, sauti yako isikike redioni? Je, jina lako litajwe? Je, sura yako ionekane? Mtu anaweza kukubali mambo mawili akakataa mawili, na hayo aliyoyakataa yaandikwe kwenye daftari kwa wino uleule. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinaitambua haki ya mtu kuondoa idhini yake. Lakini mwambie ukweli huu pia: kitu kikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hakirudi. Mpe siku mbili tatu za kufikiri, akaulize na nyumbani kwake.

Kisa cha mtoto kisitolewe bila mzazi au mlezi, na hata mzazi akikubali, jiulizeni mtoto huyo atakionaje akifika miaka ishirini.

Jambo jingine halina mjadala. Mtu akija kikaoni akasema amebakwa juzi, kazi ya kusimulia imesimama. Apelekwe hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya muda huo. Zile fomu za polisi, P3 kwa Kenya na PF3 kwa Tanzania, ndizo ushahidi wake wa kwanza. Kisa chake atakisema akitaka, siku akitaka, kwa anayemtaka. Kama hatataka kabisa, dai lenu litasimama kwa visa vingine.

Hatua ya nne: Ifungeni kila kauli na wakati wake

Nitaeleza lililonipata. Mwaka mmoja nilipeleka simulizi za mtaa wetu kwenye mkutano na ofisi moja. Nilizisoma vizuri, watu walitulia. Nilipomaliza, bwana mmoja akauliza kwa upole kabisa: "Hili la mama wa pili lilitokea lini?" Sikujua. "Na barua aliyopewa iko wapi?" Sikujua. Akafunga faili lake. Wale akina mama walikuwa wameniamini na maisha yao, nami nikawapeleka mikono mitupu. Tangu siku hiyo situmi kisa bila tarehe.

Wazee wengi hawatakumbuka tarehe, na kuwabana ni kuwavunjia heshima. Ila wanakumbuka kwa njia yao, tena kwa uhakika kuliko kalenda ya ukutani. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee alifariki mwaka gani, bibi?"

"Sikumbuki, mwanangu. Zamani."

"Kabla ya zile mvua za El Niño au baada?"

"Kabla. Mvua zile zilinikuta ndani ya eda."

Hapo umeshapata. Mvua kubwa za El Niño zilianza kunyesha Oktoba 1997, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Basi mzee alifariki katikati ya mwaka 1997 au baadaye kidogo. Tumia misimu ya kaskazi na kusi, tumia uchaguzi, Ramadhani, mwaka daraja lilipovunjika, darasa alilokuwa mtoto wa kwanza. Andika maneno ya bibi kama alivyoyasema, kisha chini yake andika hesabu yako. Usiyachanganye.

Na fanyeni mapema. Mwaka 2018 mahakama ya Uingereza iliitupa kesi ya Wakenya zaidi ya 40,000 waliodai kuteswa wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950. Miaka mingi mno ilikuwa imepita, na ushahidi ulikuwa umefifia. Kila mzee anayezikwa bila kuandikwa anakwenda na shahidi mmoja.

Hatua ya tano: Kutoka huruma kwenda haki

Hapa ndipo visa vingi huharibika, mara nyingi kwa nia njema. Tumezoea kusimulia kwa wahisani, na mhisani hutaka kuona machozi. Afisa na hakimu wanataka kujua kilichochukuliwa na anayepaswa kukirudisha. Nimetunga mfano, nikifuata hali waliyokuwa nayo wavuvi wengi wa jamii ya Wapemba wa pwani ya Kenya kabla ya Julai 2023, walipotambuliwa rasmi.

Namna ya kwanza: "Mimi ni mvuvi maskini, sina mbele wala nyuma. Maisha yamenipiga. Nina watoto sita na hatuna msaada wowote. Tunaomba wahisani na serikali watuonee huruma."

Namna ya pili: "Nilizaliwa hapa mwaka 1979. Baba alitoka Pemba akaoa hapahapa. Navua tangu nina miaka kumi na mitatu. Leseni ya uvuvi inataka kitambulisho. Nimeomba kitambulisho mara tatu, nikaambiwa nilete cha baba, na baba hakuwahi kupewa. Kwa hiyo natoka baharini usiku. Samaki nampa mwenye leseni, anauza kwa jina lake na kuchukua nusu. Soko la samaki liko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, na kwa jina langu sijauza hata dagaa. Nataka kitambulisho nikate leseni yangu."

Kwenye namna ya pili hakuna anayelia, lakini msikilizaji ameanza kupiga hesabu mwenyewe: nusu ya samaki, kila usiku, kwa miaka yote hiyo. Na mvuvi amebaki mvuvi. Ana kazi, ana ujuzi, ana akili ya kulijua tatizo lake. Namna ya kwanza ilimvua hayo yote ikamwachia umaskini peke yake.

Basi mkikijenga kisa, hakikisheni kinasema mtu alikuwa nani kabla ya dhuluma, lilitokea lini na kwa mkono au amri ya nani, limemgharimu nini cha kuhesabika, alifanya nini kujitetea, na sasa anataka nini. Mpangilio si amri. Kama kisa chenyewe kinaanzia mlangoni pa ofisi, kianzeni hapo.

Lugha iwe yake. Akisema "walinizungusha kama pia," usiandike "nilikumbana na changamoto za kiutawala." Kisha msomee alichosema, neno kwa neno, naye arekebishe. Hii ndiyo kazi inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana.

Hatua ya sita: Kisa kiambatane na karatasi

Kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ingefaa kufundishwa kila mtaa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa makazi ya watu tangu 2007, kikimwaga hewani na majini sumu ya risasi, ile madini ya ndani ya betri. Phyllis Omido aliajiriwa pale. Mwanawe mdogo akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu yake. Angeweza kubaki na kisa chake kimoja cha mama na mtoto. Badala yake yeye na majirani walitafuta vipimo vya watoto wengine pia, na kisa cha mama mmoja kikawa orodha. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha amri hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Soma tena miaka hiyo. Simulizi ya mama ilifungua mlango, lakini kwa miaka yote ya kupanda na kushuka mahakamani, kilichosimama ni karatasi za maabara zikiwa na majina na tarehe.

Wazee wa Mau Mau walioshtaki London mwaka 2009 walipita njia inayofanana. Walisimulia waliyotendewa kambini, na serikali ya Uingereza ikasema jukumu hilo si lake, tena muda umepita. Kisha yakajitokeza maelfu ya mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, nayo yakaunga mkono maneno ya wazee. Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Kwa hiyo wekeni bahasha moja kwa kila msimulizi: kadi ya kliniki, risiti ya nauli, barua, picha ya kisima, hata ile karatasi ndogo yenye namba aliyopewa afisini. Pigeni picha za vyote, nakala moja ikae nje ya mtaa kwa mtu mnayemwamini. Karatasi halisi zibaki kwa mwenyewe. Nimesikia za kutosha kuhusu mashirika yaliyoondoka na vyeti vya watu.

Kisha hesabuni. Visa vitano vilivyosimuliwa vizuri, vikifuatana na jedwali la kaya mia mbili zenye tatizo lilelile, vina nguvu kuliko visa mia visivyo na jedwali.

Hatua ya saba: Chagueni mlango, halafu bisheni

Rudini kwenye sentensi yenu ya kwanza. Aliyetajwa pale anasikiliza wapi?

Kama ni chifu au mtendaji, mlango uko karibu. Tanzania, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ombeni ajenda iandikwe mapema, na hakikisheni maneno yenu yameingia kwenye muhtasari, kwa kuwa kisichoandikwa kwenye muhtasari hakikusemwa. Kenya, Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Tume za haki za binadamu za nchi zote mbili hupokea malalamiko. Waogiek wa msitu wa Mau kisa chao kilifika hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha: Mei 2017 ikaamua kuwa haki zao zilivunjwa, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia.

Redio ya jamii ni ya kuwafanya majirani wajue hawako peke yao. Stesheni kama Pamoja FM ya Kibera, Pangani FM na Micheweni FM ya Pemba zipo karibu na wasikilizaji wao. Utashangaa watu wangapi watapiga simu kusema "hata kwetu."

Kwa mkutano wowote, pelekeni wasimulizi wasiozidi watatu, waliofanya mazoezi, kila mmoja dakika tatu. Wa mwisho amalize kwa dai, akimtazama mwenye kulitimiza, na mtu mwingine amkabidhi karatasi yenye dai hilo hapohapo. Ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Usalama

Kusimulia dhuluma kunamgusa aliyefaidika nayo. Omido alikamatwa mwaka 2012 baada ya maandamano, na vitisho vilimwandama kwa miaka. Kabla ya kutoa kisa, kaeni na msimulizi mjiulize nani atakasirika, anaishi umbali gani, na ana nguvu gani juu ya nyumba, kazi au shamba la msimulizi. Kama jibu linatisha, badilisheni jina, lakini pia badilisheni yale yanayomtambulisha: idadi ya watoto, kazi, njia ya kwao. Mtaani mtu hujulikana hata kwa kanga yake. Zimeni alama ya mahali kwenye kamera ya simu. Muwe na namba ya wakili iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Msimulizi akibadili mawazo asubuhi ya mkutano, abaki nyumbani, na asiulizwe kwa nini.

Hatua ya nane: Rudini

Ndani ya wiki moja baada ya kuwasilisha dai, rudini mkekani palepale. Waelezeni wote waliosimulia, hata wale ambao visa vyao havikusomwa: tulikwenda, tulimkuta fulani, alisema hivi, muhuri huu hapa. Kama jibu ni "bado," waambieni bado. Mtu anayejua hali ilivyo atakuja kikao kijacho. Anayesikia uvumi hatakuja, na jirani yake pia hatakuja.

Muulizeni kila msimulizi amelalaje tangu aseme. Kuna wanaopata nafuu, na kuna ambao jeraha limefunguka upya na wanahitaji mtu wa kukaa nao, iwe mhudumu wa afya wa jamii, shehe, mchungaji au shangazi mwenye busara.

Kisha fungueni daftari kwenye ile siku mliyoiandika kwenye dai, hesabuni siku zilizobaki, na mpange nani atakwenda kuulizia jibu na nauli yake itatoka wapi.